Je, sala fupi inayofuata pumzi ni sala ya kweli? Jibu kwa mama wa Kadutu

Swali: "Mwalimu, Bwana asifiwe. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, katika soko la Kadutu hapa Bukavu. Naamka usiku ungali mzito ili niwahi wavuvi ziwani, narudi jioni nimechoka, na nikipiga magoti usingizi unanichukua kabla sijafika kwenye Amina. Katika mafungo ya akina mama tulifundishwa kusali kwa maneno machache yanayokwenda pamoja na pumzi, nami nilipenda sana. Lakini shemasi mmoja wa kanisa letu amesema hayo ni mambo ya yoga, na kwamba kurudia-rudia maneno ndiko kupayuka alikokataza Yesu. Tena nilipojaribu usiku nikiwa kitandani nilisikia kizunguzungu na vidole vikafa ganzi, nikaogopa. Je, hii ni sala ya kweli? Niifanye namna gani? Na binti yangu wa miaka tisa anaweza kufundishwa?"

Jibu: Mama mpendwa, ndiyo, ni sala ya kweli, mradi maneno unayoyasema unamwambia Mungu, kama vile mtu anavyomwambia mtu aliye karibu naye. Hilo ndilo jambo kubwa, na karibu yote nitakayoyaandika hapa chini yanatoka humo. Pumzi haina nguvu ya peke yake katika sala hii. Kazi yake ni kukukumbusha, kwa sababu huiachi nyumbani unapokwenda sokoni wala haikungoji mpaka upate nafasi ya kupiga magoti.

Namna ya kuanza ni nyepesi. Chagua sentensi moja fupi inayoweza kukatwa mara mbili. Ukivuta pumzi kama unavyovuta siku zote, sema moyoni nusu ya kwanza. Ukiishusha, sema nusu ya pili. Kwa mfano, Zaburi ya 23 inajikata yenyewe: "Bwana ndiye mchungaji wangu," kisha "sitapungukiwa na kitu." Fanya hivyo mara chache, kisha endelea na kazi yako. Si lazima ufumbe macho, wala hakuna namna maalumu ya kuketi, wala haikupasi kuhesabu. Baadaye, jambo lingine la siku litakapokukumbusha, utairudia tena. Mtu aliyechoka kama wewe hahitaji kuongezewa saa nyingine ya ibada juu ya mzigo alio nao. Anahitaji kufunguliwa mlango wa kusali ndani ya saa zilezile anazozifanyia kazi.

Sasa nije kwa neno la shemasi wako, nami nalijibu kwa heshima kwa sababu hofu yake haikutoka hewani. Katika Mathayo sura ya 6, aya ya 7, Bwana anasema tusipayuke-payuke kama watu wa Mataifa, "maana wao hudhani ya kuwa watasikiwa kwa sababu ya maneno yao kuwa mengi." Tazama vizuri sababu inayotajwa pale. Kosa ni kudhani kwamba wingi wa maneno unamlazimisha Mungu asikie, kama manabii wa Baali juu ya mlima Karmeli walioita tangu asubuhi hata adhuhuri, "Ee Baali, utusikie," huku wakirukaruka. Kurudia peke yake si kosa. Yesu mwenyewe, usiku wa Gethsemane, alikwenda kuomba mara ya tatu "akisema maneno yale yale," na Mathayo ameyaandika hayo katika sura ya 26 bila kuona haya. Zaburi ya 136 inarudia "kwa maana fadhili zake ni za milele" katika kila aya, mara 26, na sijasikia mhubiri aliyeifuta. Yule kipofu wa Yeriko alipaza sauti, "Mwana wa Daudi, Yesu, unirehemu," watu wakamkemea anyamaze, naye akazidi kulia na maneno yaleyale mpaka Yesu akasimama. Nitasema wazi ninavyoona: kuna maombi marefu ya usiku kucha, yenye maneno elfu na sauti ya kupasua dari, ambayo yako karibu zaidi na kile Yesu alichokataza kuliko neno moja la mama aliyechoka anayesema "Bwana, nisaidie" na kumaanisha.

Kuhusu yoga, ni kweli kwamba watu wa dini nyingine nao huangalia pumzi zao, na wengine hutumia neno moja wanalolirudia. Lakini hata wao hufunga, hupiga magoti na kuimba, wala hatukuacha kuimba kwa sababu hiyo. Lililo la lazima ni kujua unamwita nani. Anayesali sala hii hajaribu kuzima akili yake wala kuyeyuka katika utupu, anamwita Mungu ambaye, katika Mwanzo sura ya 2, alimpulizia mtu puani pumzi ya uhai, na Kristo ambaye jioni ya siku ya ufufuo aliwavuvia wanafunzi wake akawaambia, "Pokeeni Roho Mtakatifu." Kanisa Katoliki liliwahi kuliangalia jambo hili kwa makini. Mwaka 1989 ofisi yake inayosimamia mafundisho ya imani, iliyoongozwa wakati huo na Kardinali Joseph Ratzinger, iliwaandikia maaskofu barua kuhusu tafakari ya Kikristo. Barua hiyo haikukataa mwili na pumzi kuisaidia sala, bali ilionya kwamba utulivu unaoletwa na zoezi la mwili usichukuliwe kuwa ndiyo faraja ya Roho Mtakatifu. Mimi si Mkatoliki, lakini onyo hilo nalipokea kwa mikono miwili, na ningependa shemasi wako naye alijue, kwa maana linajibu hofu yake bila kuitupa sala yenyewe.

Ajue pia kwamba sala hii haikutoka mbali na bara letu. Katika karne ya 4, watu waliokwenda kuishi katika majangwa ya Misri walisali kwa sentensi fupi huku mikono yao ikisuka vikapu na kamba. Mmoja wao, Makario wa Misri, alipoulizwa jinsi ya kusali, alijibu kwamba hakuna haja ya maneno mengi: inatosha kunyosha mikono na kusema, "Bwana, upendavyo na ujuavyo, unihurumie," na vita vya moyoni vikizidi, "Bwana, nisaidie." Yohane Kasiano, aliyewatembelea watawa hao kabla ya kwenda kuishi Ufaransa ya leo, aliandika kwamba mzee mmoja, Abba Isaka, alimfundisha kushika aya moja tu ya Zaburi ya 70, "Ee Mungu, uniokoe, Ee Bwana, unisaidie hima," na kuisema kazini, safarini, mezani na kitandani, katika furaha na katika majaribu. Augustino, askofu wa Hipo katika nchi ambayo leo ni Algeria, alimwandikia mjane mmoja aliyeitwa Proba kwamba ndugu wa Misri husali mara kwa mara sala fupi sana zinazorushwa kama mishale, ili bidii ya moyo isipoe kwa urefu. Baadaye, katika makanisa ya Mashariki, sala iliyoenea zaidi ikawa ile inayounganisha kilio cha kipofu na cha mtoza ushuru wa Luka 18: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unirehemu mimi mwenye dhambi." Yohane wa mlima Sinai, katika karne ya 7, ndiye aliyefundisha kwamba ukumbusho wa Yesu uungane na pumzi. Kwa hiyo wewe na beseni lako la sambaza mko katika njia ya zamani sana, iliyofunguliwa na watu waliosali huku wakifanya kazi za mikono.

Katika kuchagua maneno, nenda polepole, kwa sababu utaishi nayo. Chukua maneno ya Maandiko, au maneno yaliyo karibu nayo, na yawe kitu unachoweza kukisema hata siku mbaya. Kuna watu huchagua sentensi ya ushindi mtupu, "Mimi ni mshindi, hakuna kitakachonigusa," kisha jioni moja mtoto anapandwa na homa au bidhaa zinaharibika, na maneno yanawakwama kooni. Sentensi ya yule baba aliyemletea Yesu mtoto mgonjwa, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," haikwami, kwa kuwa ndani yake shaka nayo imepata mahali pa kukaa. Ukipenda fupi zaidi, Petro alipoanza kuzama alisema maneno mawili tu, "Bwana, niokoe," naye hakuambiwa kwamba sala yake ni fupi mno. Tumia lugha inayokuja yenyewe unapostuka. Kama ni Mashi ya mama yako, sali kwa Mashi; kama ni Kiswahili cha nyumbani, ndicho hicho. Ukishachagua, usibadilishe kila juma kwa sababu umesikia aya nyingine tamu redioni. Kaa na ile moja kwa miezi, mpaka ije yenyewe kabla hujaitafuta.

Sasa tuipeleke katika siku yako, kwa maana hapo ndipo wengi hukosea njia: huingoja nyumba itulie kwanza, na nyumba yenye watoto wanne haitulii. Chukua kazi ya kutwanga sombe, yale majani ya muhogo. Mchi unapanda, mchi unashuka, na mwili wako wenyewe unavuta pumzi ukiinua na kuishusha ukipiga. Weka "Ee Mungu, uniokoe" pale mchi unapopanda, na "unisaidie hima" pale unapoanguka kinuni. Usitwange kwa kufuata sala. Iache sala ifuate kutwanga, na mkono ukibadilika wa kulia kwenda wa kushoto, maneno yaendelee tu. Majani yakishalainika na ukaanza kuyakusanya kwa kiganja kutoka kando za kinu, nyamaza kidogo na useme jina la mtu mmoja atakayekula chakula hicho. Sala yenyewe imekwisha, nawe hukuchelewesha bugali ya mtu yeyote.

Kupanda kutoka ziwani ni jambo tofauti. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na miteremko ya Kadutu inajulikana na kila aliyewahi kuipanda na mzigo kichwani. Hapo pumzi ni fupi, na sentensi ya nusu mbili haitaingia ndani yake. Ukiilazimisha utakosa hewa. Basi iache pumzi ifanye kazi yake ya kukupandisha, nawe tia jina moja tu, "Yesu," katika hatua, hatua hii na baada ya hatua kadhaa nyingine. Ukifika juu, ukatua beseni na kujifuta jasho, ndipo sentensi nzima irudi.

Sokoni pana nafasi nyingine ambayo naithamini kuliko zote. Mteja amekutajia bei ya kukudharau, tena amesema sambaza zako ni za jana, na wewe unajua kwamba umezipokea alfajiri ya leo. Kati ya neno lake na jibu lako kuna pumzi moja. Nehemia, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, aliulizwa na mfalme, "Una haja gani unayotaka kuniomba?" Naye anaandika, "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni," kisha hapohapo akamjibu mfalme. Sala hiyo ilikaa kati ya swali na jibu, wala mfalme hakuambiwa asubiri. Nawe vuta pumzi, sema "Bwana," ishushe, sema "linda kinywa changu," kisha mjibu mteja bei yako kwa sauti ya kawaida. Huenda akanunua, huenda akaenda zake. Sala hii haiahidi faida ya soko, na anayekuahidi hilo anakuuzia kitu kingine.

Kizunguzungu ulichokisikia kina sababu ya mwili, wala usikitafutie pepo. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika bila kufikiri. Akianza kuvuta kwa nguvu na kwa wingi kuliko mwili unavyohitaji, hewa chafu ya kaboni hupungua mno katika damu, mishipa ya damu ya ubongo husinyaa kidogo, ndipo kichwa huzunguka na vidole au midomo kufa ganzi. Bila shaka ulivuta pumzi ndefu nyingi mfululizo ukidhani ndivyo inavyotakiwa. Dawa yake ni kuacha maneno kwa muda na kupumua kama kawaida mpaka hali irudi. Kama unataka kubadilisha chochote, irefushe kidogo pumzi ya kutoka, maana moyo hupunguza mwendo wake tunaposhusha pumzi, na mwili hutulia. Usizuie pumzi kifuani. Wako watawa wa zamani waliofundisha namna za kuibana pumzi na kuinamisha kichwa, lakini walimu wao wenyewe walionya kwamba asijaribu mtu asiye na kiongozi aliye karibu naye, na mimi naongeza kwamba mama wa nyumbani hana haja nazo kabisa. Ikiwa kizunguzungu kinakuja hata usiposali, au una pumu, au moyo unakudunda ovyo, nenda kituo cha afya. Sala itakusindikiza huko.

Kuna jambo lingine linalohusu usiku, nalo nalisema kwa uzito kwa sababu ya mambo ambayo watu wa mji huu wameyaona. Kwa mtu aliyepitia ukatili, kufumba macho gizani na kuusikiliza mwili wake kunaweza kuamsha hofu badala ya kuituliza. Hiyo si ishara ya imani haba. Kama ndivyo ilivyo kwako, fungua macho, keti, weka nyayo zako sakafuni, shika kitu chenye ubaridi au ncha ya kitenge chako, na useme maneno yako kwa sauti ndogo bila kuifuata pumzi hata kidogo. Ikizidi, au ndoto zikirudi kila usiku, tafuta mtu aliyesomea kuwasaidia watu wa namna hiyo. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa hapa Bukavu mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, ina watu wa kazi hiyo pamoja na madaktari wa mwili. Kwenda kwao hakupunguzi sala yako.

Mawazo yakitangatanga, nayo yatatangatanga, usiyakaripie. Ukigundua kwamba uko kwenye deni la kodi ya nyumba na si kwenye sala, mwambie Mungu habari ya deni hilo kwa neno moja, kisha rudi kwenye maneno yako. Hakuna zaidi ya hapo.

Wala usiache mengine kwa ajili ya hii. Sala fupi haichukui mahali pa ibada ya Jumapili, wala pa kusoma Neno, wala pa kulia mbele za Mungu kwa maneno marefu siku unapokuwa na mambo marefu ya kulia. Mtu ambaye kwa miaka mingi anasali sentensi moja tu, bila kusikia Maandiko, mwishowe hata sentensi hiyo humkaukia. Usipitishe siku nyingi bila kusoma zaburi moja nzima, hata kama ni mtoto wako mkubwa anakusomea wakati unawasha mbabula, jiko lako la makaa.

Kwa shemasi, nakushauri uende mwenyewe, si kupitia watu. Mwambie unayemwita ni Yesu, msomee aya zile za Mathayo 6 na Mathayo 26 moja baada ya nyingine, kisha umwombe asali nawe hivyo mara tatu tu, papo hapo. Akikataa bado, usishindane naye mbele ya kanisa. Sala ya moyoni haina haja ya kibali cha mtu ili ifanyike, na amani ya kanisa nayo ni kitu cha kulindwa.

Binti yako anaweza kabisa. Miaka tisa ni umri mzuri, maana anajua kushika sentensi na bado haoni aibu. Mpe Zaburi ya 23, aya ya kwanza, nusu na nusu, muiseme pamoja mara tatu au nne anapolala, halafu mwache. Usimlazimishe aendelee, usiifanye kuwa adhabu anapokosa, wala usimwambie kwamba akisali hivyo hataogopa tena, kwa sababu ataogopa, kisha atafikiri kwamba alisali vibaya. Mwambie tu kwamba anapoogopa anaweza kumwita Mungu, na kwamba wewe pia hufanya hivyo. Akikuuliza kama Mungu husikia maneno yasiyotoka kwa sauti, na watoto huuliza hivyo, mfungulie kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 1, msome habari za Hana: jinsi alivyonena moyoni mwake, midomo yake tu ikionekana kutikisika, mpaka kuhani Eli akamdhania kuwa amelewa, naye akamjibu kuhani kwa adabu kwamba hakunywa kitu, bali alikuwa akiimimina roho yake mbele za Bwana. Someni mpaka mwisho wa sura, ajue na jina la mtoto aliyezaliwa.